Kicheko Kilichompeleka Baba Gerezani

Enzi zetu pale Mtendeni, Tabora, mtoto alijua kuna msiba wa Mnyamwezi kwa kusikia kicheko. Vijana wa leo mtashangaa, maana nyinyi msibani mnanong'ona kama mmeiba, jicho liko kwenye sufuria ya pilau. Sisi tuliacha mdako chini, kokoto zimetawanyika, tukakimbilia kwenye kilio na michembe mdomoni, viazi vile vikavu vya kutafuna mpaka taya ziume. Tulijua baba yangu yuko huko, na baba akiwepo hata mfiwa alishika mbavu.

Baba, Mrisho fundi seremala, alikuwa Mzaramo wa Tabora. Babu yake alikuja na misafara ya pwani, zama za mizigo kichwani, akaoa hapa, hakurudi. Utani wa Mzaramo na Mnyamwezi ulizaliwa katika njia ile. Mnyamwezi akifia pwani, nani amzike? Mzaramo. Mzaramo akifia bara, Mnyamwezi anashika jembe. Watu waliozikana hivyo hawawezi kununiana. Mtani atavaa suruali ya marehemu aige mwendo wake, atalala kaburini akatae kutoka mpaka apewe kuku, na hakuna wa kumgusa. Kumpeleka mtani barazani kwa maneno ya msibani ilikuwa aibu kuliko kuiba mbuzi wa mama mkwe.

Aibu hiyo aliifanya mtu mmoja, nami namtaja: Kasanda Maganga, mwanangwa wetu, yaani jumbe aliyekaa chini ya mtemi na juu ya migongo yetu. Boma lilimpa koti la kaki, akalivaa hata jua la Oktoba, jasho likimtoka kama ugali uliofunikwa. Mimi sikusoma sana. Shule niliachia darasa la tatu, na aliyeniachisha ni huyo.

Serikali ya Mwingereza wakati ule ilikuwa na homa ya vibali. Kuitisha mkutano, kibali. Kupiga ngoma, kibali. Kuhama kijiji, kibali, maana eti utasambaza mbung'o wa malale. Njia ya Sikonge walijenga kibanda. Unaingizwa humo na baiskeli yako, wanakutafuta mbung'o mgongoni kwa wavu, kisha wanakuruhusu kuendelea na safari ndani ya nchi yako mwenyewe. Watu wazima walishaanza kuutaja uhuru, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye.

Basi akafa Paulo, kaka yake Kasanda. Baba akafika kilioni amevaa suruali ya marehemu na sufuria kichwani, ndiyo kofia ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Akasimama mbele ya jeneza alilolichonga mwenyewe, akaunguruma kwa Kiswahili cha Bomani:

"Wewe Paulo, nani napa wewe kibali ya kufa?"

Watu wakaanguka. Akamsomea maiti makosa yake: amehama bila ruhusa, amekusanya watu bila ruhusa, na amelala wakati serikali inazungumza. Kasanda mwenyewe alicheka mpaka kifungo cha koti kikaruka. Halafu baba akavua sufuria, akasema kwa sauti yake ya kila siku: "Na huyu mgeni wetu wa Bomani, kibali cha kukaa hapa tulimpa lini? Siku ikifika tutamsindikiza stesheni." Wakacheka tena, ila hicho kilikuwa kicheko kingine, kizito, watu wakitazamana.

Kesho yake askari walimchukua karakanani, nywele zimejaa maranda. Kosa, uchochezi. Kasanda ndiye aliyekwenda kusema, udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka kwenye viatu.

Siku ya kesi tulijaa barazani, mama na sisi watoto mbele. Wazee wa Kinyamwezi wakasimama mmoja mmoja kueleza kwamba yale yalikuwa utani, na mtani hafungwi. Bwana Shauri alifurahi sana. Alikuwa Mzungu wa kupenda desturi zetu, akiziandika kama mtu anayekusanya vipepeo: anawapenda wakishakufa. Akauliza utani unarithiwa kwa baba au kwa mama, akaandika. Kisha akamwambia baba kwamba kama alikuwa anatania, aseme tu hivyo, arudi kwa watoto wake.

Mama akasema, akimwita baba kwa jina langu, kwa sauti ndogo ambayo baraza zima liliisikia: "Baba Zuhura, sema. Hawa watakula nini?"

Baba akamtazama, akatutazama sisi. Akakubali kwamba ya Paulo yalikuwa utani. Halafu akamgeukia Mzungu.

"Ya stesheni hayakuwa utani, Bwana. Utani ni wa watu wanaozikana. Sisi na nyinyi hatujazikana."

Mkalimani akatafsiri. Bwana Shauri akaweka kalamu chini. Mwaka na nusu. Nje, Kasanda akawa anawaambia watu kwamba fundi mzima ameonyeshwa mlango, akachagua ukuta.

Mama aliuza randa na misumeno, mimi nikaacha shule nikaenda kuuza vitumbua stesheni. Baba alitoka na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Bendera mpya aliiona ikipanda, kwa mbali, ameegemea bega langu, kwa kuwa viti vya mbele vilikuwa vya waheshimiwa. Kwenye kiti cha kwanza alikaa Kasanda, koti la kaki amelivua, amevaa shati la rangi za chama. Mvua zilizofuata, baba tukamzika.

Mwaka jana Kasanda naye akafa. Mzee wa heshima, mpigania uhuru, redio ikasema hivyo. Nikaenda, maana mtani ni mtani. Nikasimama mbele ya jeneza, mbele ya wakubwa waliokuja na magari, sikuiga sauti ya mtu.

"Huyu hakupigania uhuru. Huyu ndiye aliyemshtaki baba yangu kwa Mwingereza. Kasanda, nenda kamweleze mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Mheshimiwa mmoja alitoa leso kufuta machozi. Mtoto mkubwa wa marehemu akanishika mkono, meno yote nje: "Mtani, umetuweza leo. Shika kuku wako, utuachie tuzike." Kuku nikampokea, kwa kuwa kumkataa ni kuvunja utani, na waliovunja utani nawajua.

Enzi zile baba alisema katikati ya mzaha, serikali ikaisikia kweli iliyomo, ikamfunga. Siku hizi naisema kweli kavu, bila sufuria kichwani, na wananipigia makofi. Mwingereza, pamoja na ubaya wake wote, alikuwa anasikia.