Lenzi Iliyomnenepesha Mama Mkwe

Mjukuu wangu, naikumbuka siku niliyojiona mjanja kuliko fundi wangu, na mpaka leo uso unaniwaka.

Ilikuwa enzi za Mdachi, vita vya Maji Maji vimeshapoa, nami ni kijana mpiga picha mjini Lindi. Kamera ninayo, lenzi imepasuka. Dukani zilikuwapo mbili za kuchukua eneo pana. Moja ilichukua watu wachache kwa mstari, na bei yake ilinitoa jasho. Ya pili, rahisi, ilichukua ukoo mzima na mbuzi wao.

Fundi wangu, Mzee Bakari, akaniambia, “Usiulize inachukua watu wangapi. Uliza wa pembeni inawafanya nini.”

Nikaona mzee ananichelewesha, nikanunua rahisi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nusura nivunjikiwe ndoa.

Maana nilikuwa nimeposa kwa kina Mwanaidi, kule Kiranjeranje. Wazee wake walisema watanijibu nikishawapiga picha ya ukoo, siku ya harusi ya kaka yake. Nilimpenda binti yule hata usingizi ulinikimbia.

Siku ikafika, nikawapanga uani. Mama yake, mwanamke mwembamba, akaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari, mbali nami, kama ilivyo heshima ya mkwe. Sasa, kamera za wakati ule ulijifunika kitambaa, ukatazama kioo cha nyuma, na watu ukawaona kichwa chini miguu juu. Mkwe kumkazia macho tu ni aibu, nitamtazamaje amepinduliwa? Nilipofika upande wake nikafumba macho. Nikapiga.

Picha ikakauka. Watu wa kati walikuwa salama. Mama mkwe, kule pembeni, lenzi ilikuwa imemvuta akapanuka kama gunia la mtama, shavu moja limekwenda zake. Nilitaka kuificha, lakini Mzee Bakari alinishika mkono tukaipeleka.

Mama aliitazama kitambo, akiwa nyuma ya pazia la mlango. Kisha akasema, “Nilisimama mtu mmoja, humu nimetoka watu watatu. Kwani hukuniona kabla ya kupiga?”

Nikajibu nikiutazama mkeka, “Nilifumba macho, mama. Nilikuonea haya.”

Halafu pazia likaanza kutikisika kwa kicheko.

“Heshima unayo,” akasema. “Akili ataileta binti yangu.”

Mwanaidi ndiye bibi yako unayemjua, na kweli aliileta: fungate haijaisha, alikwisha kunirudisha dukani kubadili lenzi.

Basi, mjukuu wangu, ukichagua chombo, rafiki au mchumba, usitekwe na upana wake. Watazame kwanza wanaosimama pembeni yake. Wakitoka wameharibika, acha, hata ukipewa bure. Na aliyekutangulia akikuonya, msikilize kabla hujamwongezea mtu shavu. Mungu akujaalie macho ya kuona, na haya ya kujua lini uyafumbe. Mimi alinipa haya peke yake, kisha akanihurumia. Amin.