Gari la umeme kwenye foleni ya esansi

Chekeni tu, mi nimeshachekwa vya kutosha.

Shemeji yangu, Mungu ambariki, aliniazima gari lake jipya la umeme, dogo la bei nafuu: skrini kubwa kando ya usukani, kamera ya nyuma, na buti inayomeza vitambaa vyote ninavyouza sokoni Cibitoke. Juzi nikielekea bandarini kuchukua mzigo, nikaona magari yamepanga foleni kwenye kituo cha mafuta.

Sikufikiri hata kidogo. Bujumbura petroli ni adimu, ukiona foleni ya esansi unaingia kwanza, maswali baadaye. Nikatoa gia, nikazima gari kama wenzangu, tusipoteze hata tone.

Foleni iliposogea, vijana wawili wakashuka kwenye pikapu iliyokuwa nyuma yangu.

"Mama, esansi imekauka?"

"Imekauka kabisa, wanangu," nikajibu kwa sauti ya mgonjwa.

Wakanisukuma juani mpaka kwenye pampu, jasho likiwatiririka. Niliwaombea baraka kwa moyo wote, na bado nawaombea.

"Mama, fungua tanki," akasema muuza mafuta, bomba mkononi.

Nikashuka, nikafungua kifuniko kwa fahari. Ndani hamkuwa na tundu la mafuta. Mlikuwa na soketi ya kuchajia.

Nikatamani kuingia kwenye buti. Kijana mmoja akachungulia soketi, akajifuta jasho, akaangua kicheko mpaka akashikilia mlango.

"Mama, apana shida. Lakini sasa we utusukume sisi."