Pipa la Maji Kwenye Pikapu ya Baba

Wiki iliyopita, kule Richmond Hill ninakomtunza mzee mmoja aliyepooza upande, kijana wake aliniita mbele ya gereji nikaone kazi yake. Amenunua pikapu, na mgongoni mwake anajenga kijumba cha kusafiria. Kiangazi kikifika anataka kuzunguka nchi na mchumba wake, walale popote jua litakapowachwea. Chini ya kiti ameweka tangi jeupe la maji, kando yake pampu ndogo, na ukutani hita isiyozidi boksi la viatu. Akabonyeza swichi, akafungua koki, akaniambia nitie mkono. Maji yalianza baridi, yakawa vuguvugu, kisha yakawa ya moto. Nikamsifia kazi yake, kwa sababu ni nzuri kweli. Nikarudi ndani kumpikia mzee uji, na sukari iliyokuwa mbele ya macho yangu nikaitafuta mpaka uji ukashika chini.

Sikumwambia kwamba na sisi tulikuwa nacho kijumba kama hicho. Chetu hakikuwa cha kusafiria, rafiki yangu. Tuliishi ndani yake.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa kwenye maghorofa ya Dixon, ndege zikipita chini chini kuelekea uwanjani, hata Bibi, mama yake Mama, akazoea kunyamaza katikati ya neno, ndege ikipita, kisha akaendelea pale pale alipokatizwa. Mwishoni mwa kiangazi moto ukazuka ghorofa ya chini yetu. Hakufa mtu, lakini nyumba ilijaa moshi na maji ya wazimamoto, tukaambiwa haikaliki. Watu wa msaada walisema nafasi ipo, ila si mahali pamoja: Mama, Bibi na mimi huku, Baba kule, mpaka nyumba ipatikane. Kwao lilikuwa jambo la muda tu. Kwa Baba haikuwa hivyo. Tulipokimbia kwetu Uvira tuligawanywa katika boti mbili kuvuka ziwa, na boti aliyopanda kaka yangu haikufika ng'ambo. Tangu hapo Baba hakukubali tugawanywe hata kwenye lifti. Ikijaa, tunangoja nyingine, wote.

Alikuwa na pikapu kuukuu, na kiwanda cha milango alichofanyia kazi kilimruhusu kuchukua ile yenye kasoro. Basi kijumba chetu kilijengwa kwa milango. Kuta zilikuwa milango, paa lilikuwa milango, hata kitanda cha Bibi kilikuwa mlango uliolazwa. Wa kuingilia, usinicheke, ulikuwa kipande cha plaiwudi. Fundi wa magari Mreno, aliyezoea kututengenezea hiyo pikapu, alituruhusu kuegesha nyuma ya gereji yake na kuchota maji kwenye bomba lake.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chumba kimoja, wala mmoja haruhusiwi kusikia mwenzake akioga. Kwa hiyo Baba alilala mbele, kwenye usukani, amejikunja na koti lake la kiwandani, na sisi wanawake tukalala nyuma. Bibi akitaka kuoga, Baba alitoka akaenda kutembea, mvua iwepo isiwepo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Asubuhi alimwamkia Bibi kupitia plaiwudi, macho yake yakitazama ardhi, ndipo aende kazini.

Nikikwambia zilikuwa siku mbaya zote, nitakuwa nakudanganya. Majira ya majani kuanguka yalikuwa mazuri mwaka ule. Bibi alikaanga ndagala, vile vidagaa vya ziwani kwetu, na harufu ikaingia kwenye blanketi, kwenye nywele, kwenye mkoba wangu wa shule. Sombe ya pakiti, majani ya muhogo yaliyoganda kama jiwe, aliiyeyusha juu ya jiko tangu mchana ili jioni iwe laini. Jiko lenyewe Baba alilikata kutoka kwenye mtungi wa gesi uliokwisha, likala mabaki ya mbao za milango, na moshi ukatoka kwa bomba la bati kwenye paa. Mvua ikinyesha juu ya milango ile, ungesema kuna watu wengi wanabisha hodi. Kazi yangu ilikuwa kujaza vidumu kwa fundi Mreno na kuvipanga mlangoni kabla ya kwenda shule.

Lakini Mama alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa limeshuka. Hapo ndipo maji yalipokuwa jambo kubwa. Kwetu mwanamke akijifungua hukandwa. Mama yake huchovya kitambaa kwenye maji ya moto, moto wa kweli, humkandamiza tumbo, mgongo, nyonga, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, mpaka mwili urudi. Mzazi asiyekandwa, wanasema, baridi humwingia akawa mgonjwa maisha yake yote. Bibi alilisema mara moja tu, akilielekeza kwenye plaiwudi ili Baba asikie bila kuambiwa.

"Mama mwenye amezala haoshwe na maji ya baridi. Na maji ya sufuria moja haitoshe. Inaomba maji mingi."

Sufuria moja moja juu ya jiko isingetosha. Baba akatafuta pipa la plastiki, la buluu, lililokuwa la juisi, akaliosha kwa magadi mpaka harufu ya machungwa ikatoka. Akalipaka rangi nyeusi ili jua lilichemshe, akalipandisha juu ya paa. Fundi Mreno alipoliona alitikisa kichwa. Akamweleza, nami nikatafsiri, kwamba nchi hii maji yanakaa ndani na yanakaa chini, karibu na moto. Baba akacheka kwa adabu. Maji yakikaa chini, aliuliza, nani atayasukuma? Uvira tangi linakaa juu, ukifungua yanashuka yenyewe. Na kusema haki, yalishuka. Jua lilipowaka yalishuka vuguvugu kupitia mpira mpaka kwenye sufuria jikoni, na Mama, tumbo limemtangulia, alifungua na kufunga koki kama mtoto aliyenunuliwa kitu cha kuchezea. Alisema hata nyumba ya Dixon haikumpa raha hiyo.

Mdogo wangu wa kike alizaliwa hospitali, vizuri, bila matatizo. Muuguzi aliuliza wanakaa wapi, Mama akataja anwani ya Dixon. Akaulizwa kama maji ya moto yapo nyumbani, akasema yapo. Siku ile yalikuwepo. Walimruhusu, akarudi kwenye milango yetu akiwa na kichanga ndani ya kitenge, na fundi Mreno akatuletea supu.

Baridi kali ilikuja mapema. Tuliamka asubuhi moja, koki haitoi hata tone. Baba alipanda juu akakuta pipa limekuwa barafu tupu, limepasuka ubavu mmoja, na mpira ukivunjika mkononi kama kijiti kikavu. Bibi hakugomba. Alianza kuyeyusha barafu ya vidumu, sufuria baada ya sufuria, na kila iliyochemka ilipoa kabla ya inayofuata kuwa tayari. Kitambaa alichomkandia Mama kilikuwa vuguvugu. Alikikamua akakitazama, akakichovya tena. Baba, huko nje, alisikia kitambaa kikichovywa upya.

Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi namna ile. Aliomba ruhusa kiwandani. Fundi Mreno akampa tangi dogo la chuma lililotolewa kwenye hita ya zamani, na bomba la shaba. Safari hii Baba alisikiliza kila neno. Alilizungushia jiko lile bomba la shaba, mviringo juu ya mviringo, ncha moja ikatoka chini ya tangi na nyingine ikarudi juu yake, na tangi akalifunga ndani, kwenye rafu, akalivisha magodoro yaliyochanika. Juu akaliacha wazi ili mvuke upumue. Aliacha na tundu la hewa kwenye paa, ingawa Bibi alilalamika kwamba linaingiza baridi. Maji ya baridi yakashuka, yakapita motoni, yakapanda yenyewe. Hakuhitaji mtu wa kuyasukuma. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka na kuungua, akanipa kikombe nipeleke kwa Bibi aonje. Bibi akatia kidole, akakitoa haraka.

"Sasa hii njo maji," akasema.

Alimkanda Mama mpaka kijumba kikajaa mvuke na kuta zikatoa jasho. Mama aliuma kitenge, kisha akalala chali akatabasamu. Alisema yuko Uvira. Tulidhani anatania.

Alikuwa na homa tayari. Ilianza wakati ule wa maji ya vuguvugu. Mke wa fundi alipokuja kumwona alimgusa shingo, akatoka nje akamwambia Baba ampeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Baba akaenda kusimama mbele ya plaiwudi, akauliza.

"Ni maziwa inashuka," Bibi akajibu toka ndani. "Kila mama anapata ile homa. Sasa maji iko, atapona."

Nawe niambie, mkwe gani wa kwetu atabishana na mama mkwe juu ya uzazi wa binti yake? Si mambo ya wanaume. Na huko hospitali wangeuliza tena tunakaa wapi, na safari hii wangetaka kuona, watugawanye. Baba alirudi kwenye jiko akaongeza mbao. Maji yakazidi kuwa ya moto. Bibi akazidi kukanda. Tulikuwa na maji mengi ya moto kuliko wakati mwingine wowote, na Mama akawa anakwisha ndani yake.

Mchana mmoja nilirudi shule, akaniita kwa jina la kaka yangu. Bibi akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akamtazama Baba machoni. Hatukungoja kitu. Baba alirukia usukani akawasha gari, akaiendesha nyumba yetu nzima barabarani, jiko likiwaka, moshi ukitoka kwenye paa, tangi likiyumba huku na huku na kutumwagia maji ya moto miguuni. Bibi alikuwa amemshika mtoto, mimi nimemshika Mama. Tuliingia hivyo mpaka kwenye mlango wa magari ya wagonjwa. Watu walisimama wakatushangaa.

Mama alifariki kesho yake.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Mkalimani hakupatikana, basi akaongea akinitazama mimi, taratibu. Alisema kipande cha kondo kilikuwa kimebaki, kikaleta infeksheni. Angeletwa homa ilipoanza, dawa zingetosha. Nikatafsiri neno kwa neno. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mtoto yuko begani, halafu akatikisa kichwa.

"Hajue huyo. Ni maji ilichelewa. Baridi ilimuingia zile siku maji haikuwako."

Akamgeukia Baba. Baba akainamisha kichwa.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Ni miye. Niliweka pipa juu."

Hiyo ikawa habari yenyewe. Ndivyo ilivyosimuliwa msibani, ndivyo kanisa letu zima linavyoijua. Mwanamke mmoja alinong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na alinong'ona kwa sauti ya kutosha. Baadaye kanisa hilo hilo likatutafutia nyumba Crescent Town, vyumba vitatu, koki za moto kila mahali. Sijui zilikuwa wapi wakati ule. Bibi alikaa nasi humo miaka mingi. Ndiye aliyemlea mdogo wangu, akamwogesha, akamnyoosha viungo kwa mafuta, akamwimbia, na leo mdogo wangu anaelewa kila neno la Bibi ingawa hujibu kwa Kiingereza. Kila baridi ilipoanza Bibi alirudia habari ya pipa, mezani, mbele ya wageni, na Baba alijibu ndiyo, Mama. Mimi nilikasirika. Nilidhani Baba hakumwelewa daktari, au aliogopa. Miaka mingi nilimkasirikia kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Jumapili hii nilikwenda kwake. Nikamweleza juu ya pikapu ya Richmond Hill. Aliuliza tangi limewekwa wapi, nikamwambia ndani, chini. Akasema vizuri. Nikaona nimuulize tu, kwa kuwa Bibi naye tumeshamzika na hakuna wa kuumia.

"Baba, yale maneno ya Bibi uliyaamini?"

Alikuwa akichagua mchele. Hakusimamisha mkono.

"Daktari nilimusikia mwenyewe, mbele wewe unieleze. Infeksheni, hata kwa Kifaransa iko vile."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Bibi yako alimukanda mutoto wake na mikono yake miwili, anamuona anakufa. Ungetaka nimuambie nini? Na kulikuwa mutoto mwingine wa kuosha. Nani angemuosha?"

Akaendelea na mchele wake.

Pikapu iliuzwa chuma chakavu, milango sijui ilikwenda wapi. Bibi hayupo, na kukanda kumekwenda naye. Nilipojifungua mimi, nilisimama peke yangu chini ya bafu, maji ya moto yakinipita mgongoni bila mkono wa mtu. Katika yote ya mwaka ule iliyobaki ni lawama, nayo anayo Baba. Nilimwomba angalau tumweleze mdogo wangu ukweli. Akasema hapana, yule analelewa na Bibi yake hata sasa, mwache.