Wagonjwa wa Likizo Walipopita Izigo

Mpaka nilipoanza kunyoa ndevu niliamini, kwa moyo wangu wote na maini yangu yote, kwamba likizo ni ugonjwa. Niliamini kuwa unawapata Wazungu tu, hasa wenye magari. Kwamba ukishamwingia mtu hawezi kulala nyumba moja siku mbili, hawezi kushika kazi, hawezi kutulia na mkewe. Na kwamba dawa yake ni moja tu, upepo wa usoni. Ndiyo maana, tuliambiwa, mgonjwa huwekwa ndani ya gari lisilo na paa akaendeshwa nchi hadi nchi mpaka kitu hicho kimtoke. Asipopona huko Ulaya, huletwa Afrika. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili la kwetu lilikuja kweli, na lilikuja likinuka petroli.

Kwetu ni Izigo, kando ya barabara itokayo Bukoba kwenda Muleba. Wakati huo Mwingereza ndiye aliyekuwa na nchi, na barabara yenyewe ilikuwa ya udongo mwekundu, inapita katikati ya migomba kama mshono kwenye nguo ya kijani. Asubuhi ilinuka majani mabichi na moshi wa kuni, mchana ilinuka kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka, na likipita lori la kahawa ilinuka vumbi mpaka ugali wa jioni ukawa na mchanga, nasi tukautafuna hivyo hivyo. Magari yalikuwa machache kiasi kwamba tuliyajua kwa kikohozi. Lori la Mhindi lilikohoa kama mzee wa tumbaku. Gari la Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa Boma la Serikali, lilikohoa kwa adabu. Mtu akisema "gari linakuja," sisi watoto tulishamtaja mwenyewe kabla halijapinda kona, na sikumbuki siku tuliyokosea, ingawa mama yangu alikumbuka nyingi.

Habari ya wagonjwa ililetwa na mkungu, yaani mkuu wa kijiji chetu, mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe na kicheko cha puani. Lazima niseme mapema kwamba mkungu na Tata, baba yangu, hawakuwa wakipeana kahawa. Msomaji wa mbali atadhani hilo ni jambo dogo. Kwetu mgeni akiingia hupewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune; hata mtu aliyekuja kukudai utamnyoshea kikapu kwanza. Watu wawili wakipita mwaka mzima bila kupeana kahawa, hao wanangojea mikuki tu. Chanzo kilikuwa kesi ya mpaka wa shamba ambayo Tata alimshinda barazani, mbele ya mkubwa wake, na mkungu akarudi nyumbani kwa miguu akichekwa na wanawake waliokuwa wakiteka maji.

Siku hiyo alituita wote, akafungua karatasi iliyotoka Boma, akasoma kwamba mwezi ujao watapita Wazungu wapenda magari. Mwaka uliotangulia walikuwa wamezunguka Ulaya yote na magari yao, mlima kwa mlima. Sasa wameyapakia melini na kuja kuzunguka kwetu, kwani wako katika likizo.

"Waitu mkungu," akauliza kwa heshima bibi yangu, mama yake Tata, "likizo ndiyo nini?"

Mkungu akaitazama karatasi kana kwamba jibu limejificha chini ya mhuri. "Ni hali," akasema. "Inawashika."

"Inawashika wapi?"

"Kote."

Hilo "kote" ndilo lililotumaliza. Jioni ile ugonjwa ulikuwa umeshafika Muleba, na kesho yake asubuhi ulikuwa Kishanda ukiwa umeongezewa kutapika. Mwinjilisti wetu, mtu mwema aliyeona aibu kukiri kwamba hajui neno, ndiye aliyeongeza habari ya upepo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; sisi tulianza kusema mgeni njoo mwenyeji augue. Wanawake walichuma majani machungu ya kuwapaka watoto puani. Mimi nilipakwa mengi kiasi kwamba kwa wiki nzima sikusikia harufu ya kitu chochote, hata ya kaka yangu.

Kisha mkungu akaleta neno la pili. Boma, alisema, limeamuru barabara ipanuliwe hatua sita, kwa sababu mgonjwa wa likizo hupinda kona kama mlevi. Na upande wa kupanua ni wa kulia. Upande wa kulia, kwenye kona, ulikuwa kibanja chetu, yaani shamba letu la migomba.

"Nionyeshe hiyo karatasi," akasema Tata.

"Karatasi ya Serikali si kahawa ya kutafuna, ipite mkono hadi mkono," akajibu mkungu, akaitia mfukoni mwa kanzu.

Sasa nieleze kilichokuwa pale konani. Kwetu wafu hawapelekwi mbali. Hulala kibanjani, chini ya migomba waliyoipanda, wakisikia watoto wakigombana na sufuria zikigongana. Babu alilala pale, hatua chache kutoka barabarani. Na ubavuni mwake palikuwa na nafasi ya urefu wa mtu, isiyopandwa kitu, ambayo bibi aliifagia kila Jumamosi akiiita kitanda changu. Alikuwa ameshaugua mara mbili ugonjwa wa kufa, akapona mara zote kwa ubishi, na kila alipopona alikwenda kutazama kama kitanda chake kipo. Hakutaka kingine duniani. Hatua sita za mkungu zilikata katikati ya kitanda hicho na kukaribia miguu ya babu.

Wanaume wa kijiji walipokuja na majembe na mapanga, walimkuta bibi ameketi pale kwenye kigoda chake, ameshika ufagio. Alikaa siku tatu. Nikisema hakula wala hakunywa nitakuwa nimeongeza, maana mimi ndiye niliyempelekea ndizi, lakini hakuinuka mchana kutwa. Walikata migomba kumzunguka, na kila mgomba ulioanguka ulitoa sauti kama mtu anayekaa chini ghafla. Wengine walikuwa jamaa zetu, hawakumtazama usoni.

"Mawe, ondoka," mkungu alimwambia siku ya tatu, akimwita mama kwa Kihaya. "Wagonjwa wanakuja, watakugonga."

"Mgonjwa ni wewe. Mimi niko kitandani kwangu. Mume wa nani anakuja kumwamsha mwanamke kitandani?"

Watu wakacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwani mkungu alikuwa mtu asiyeweza kuchekwa mara mbili na familia moja. Alitishia kumfunga Tata. Tata akashika panga. Mama akamshika Tata. Bibi alipoona mwanawe atapelekwa Bukoba na pingu, aliinuka mwenyewe, akabeba kigoda chake, akaingia ndani. Kaburi la babu lilipona kwa upana wa kiganja. Kitanda cha bibi kikawa mtaro.

Wagonjwa walipita wiki mbili baadaye, asubuhi ya jua kali. Magari yalikuwa tisa, ingawa shuleni nilisema arobaini na hakuna aliyenipinga. Yalikuwa madogo mno! Nilikuwa nimetarajia vyombo vya kujaza barabara na kukwangua mbingu, lakini mengine yalikuwa ya kukaa mtu mmoja na nusu, yamechongoka mbele kama mdomo wa kuku. Wenyewe walivaa miwani mikubwa kama macho ya senene, nasi tukasadiki kwamba ndiyo dalili ya kwanza. Kijiji chote kilifunga milango. Tulichungulia nyuma ya migomba tukiwa tumeziba pua kwa vitambaa, na hakuna hata mmoja aliyesema karibu. Mzee mmoja alitema mate barabarani mara tisa, akihesabu.

Gari la mwisho lilizimika konani kwetu, likitoa mvuke. Ndani mlikuwa na Mzungu na mkewe, na nyuma yao fundi wao, Mwafrika aliyetoka upande wa Masaka. Akashuka na debe tupu.

"Mama, naomba maji kidogo. Gari ina kiu."

"Ikanywe kwa mkungu," akasema bibi, aliyekuwa mlangoni. "Na hao nao wana kiu?"

"Hao hawana neno."

"Wana likizo."

"Ndiyo, mama, wana likizo ya miezi minne," akasema fundi kwa furaha, asijue anachokitia moto. Bibi akarudi hatua moja nyuma. Kisha akanyosha ufagio kuelekea mbele ya gari, ambako palikuwa na safu ya vibandiko vya rangi, vingine na misalaba, vingine na simba. "Na vile ni vya nini?"

"Ni vya nchi walizopita. Huu Ufaransa. Huu Uswisi. Italia. Huu sijui, wana theluji."

"Kote huko walipita hivi hivi?"

"Kote, mama. Wakalala hoteli, asubuhi wakaondoka."

"Na nchi zote hizo zimeshindwa kuwaponya," akasema bibi, "ndipo nikaletewa mimi!"

Hakumpa maji. Hakuna aliyempa, mpaka fundi alipokwenda mwenyewe kijitoni, mwendo wa nusu saa, huku tukimzomea kwa Kihaya njia nzima. Mzungu alikaa akitabasamu na kupiga picha. Alipiga picha ya mtaro. Nadhani aliona ni mtaro mzuri, umechimbwa vizuri.

Walipoondoka, Tata alitoka na kuinama barabarani. Alipima alama za matairi kwa mpini wa jembe, akapima tena. Magari yote tisa yalikuwa yamepita katikati ya barabara ya zamani, hata hayakukaribia ukingo. Kwenye zile hatua sita mpya palikuwa na nyayo za kuku tu. Tata aliegemea mpini wake, akasema polepole, "Hawakuzihitaji hata." Mimi niliyekuwa sijawahi kumwona akilia, siku ile nilimwona, na nikaapa kuwachukia wapenda magari wa dunia nzima, wa Ulaya na wa Amerika, mpaka na mafundi wao.

Bibi hakulala tena kwetu mwezi ule ulipokwisha. Alikwenda Kishanda kwa kaka yake, akasema hawezi kuishi mahali anapongojewa na mtaro. Tata alimfuata mara nne. Mara zote alipewa kahawa, akatafuna, akarudi peke yake. Alifia huko baada ya masika mbili, akazikwa katika migomba ya kaka yake, mke wa watu amelazwa kwao kama msichana asiyeolewa. Hiyo ni aibu ambayo ukoo hauisemi, unaibeba tu.

Mkungu alikuja kwenye mazishi yale. Alilia kuliko sisi. Alimwambia Tata mbele ya watu kwamba Wazungu wale walimtumia kama panga, na panga halina moyo. Kisha akatoa kikapu chake kidogo, akamnyoshea Tata kahawa, na Tata akachukua. Toka siku ile walizeeka wakitafuna kikapu kimoja. Hakuna kinachopatanisha watu upesi kama adui wa tatu. Walikaa jioni wakiwatukana wapenda magari kwa ustadi mkubwa, wakishindana nani atazua tusi jipya, na mkungu alipofariki mimi, kijana mwenye mabega, nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Nililibeba kwa heshima.

Leo barabara ile ni lami. Watalii hupita na magari marefu kama kanisa, na wajukuu zangu huwapungia mikono. Hakuna anayeziba pua. Mmoja wao anayesoma chuo ameniambia kwamba siku akipata fedha ataendesha gari kutoka Ureno mpaka Urusi kwa raha tu. Nilimtazama kwanza kama ana homa. Lakini mimi mwenyewe nina pikapu, na Pasaka moja niliiendesha mpaka Kyaka na kurudi bila sababu, bila mzigo, dirisha wazi. Upepo wa usoni ni mtamu, siwezi kuapa uongo. Zamani tuliwanyima watu maji kwa sababu ya neno moja; siku hizi tunayajua maneno yote na hatujui aliyelala kando ya barabara.

Nilikuja kulijua neno lenyewe Bukoba mjini, nilipokuwa mpagazi wa magunia ya kahawa mchana na mwanafunzi wa darasa la jioni. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyekuwa karani wa Boma kabla ya kustaafu. Alitupa insha ya "Likizo," nami niliandika kurasa tatu zenye moto: ugonjwa, hatua sita, kigoda, mtaro. Aliisoma kwa sauti mbele ya darasa akicheka mpaka machozi yakamtoka, na darasa likacheka naye, nami nikacheka kwa sababu wote walikuwa wakicheka. Alipofika kwenye mkungu na karatasi yake, akaiweka insha mezani. Akavua miwani.

"Hapo Izigo," akauliza, "ni ile kona pana ya kwenda Muleba?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Likizo ni mapumziko, kijana wangu. Mtu ameacha kazi kwa muda. Wale walikuwa wakipumzika." Akaikunja insha yangu mara mbili. "Na barua ile niliipiga chapa mimi mwenyewe. Ilikuwa na mistari miwili. Ilisema mashimo yajazwe, na watoto wasirushe mawe. Haikusema barabara ipanuliwe."