Njia za Marehemu Mke Wangu Zinatakiwa Kufutwa Mtandaoni

Admin, nakuomba unifichie jina, maana wengi kwenye page hii ni majirani na watanitambua. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, naishi Kitengela, kazi yangu ni kuchomelea mageti. Mwaka jana nilifiwa na mke wangu kwa ugonjwa wa figo. Hatukujaliwa mtoto. Nasema hivyo mapema ili mwelewe kwa nini maandishi aliyoyaacha mtandaoni yananinyima amani.

Mke wangu alipenda kutembea vilimani na kulala huko kwa hema, lakini si kwa kubeba mzigo kama punda. Yeye na rafiki yake, nitamwita Mueni, walianzisha kikundi cha mtandaoni cha watu wanaosafiri na mabegi mepesi. Baadaye wakaongeza jarida dogo la kusoma kwa simu, la kueleza njia: pa kuanzia, pa kulala, maji yako wapi. Jameni, watu hao wana vituko. Kabla ya safari kila mtu anatundika begi lake kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama buchani, kisha wenzake wanamtolea kitu kimoja kimoja huku wakimcheka. Mke wangu alikata hata mpini wa mswaki. Nikamwambia, "Si uache tu meno nyumbani?" Akasema, "Wewe cheka tu. Haba na haba hujaza kibaba, hata kwa begi."

Mimi sikuwahi kwenda. Goti langu liliharibika kazini zamani, na mlima siuwezi. Yangu ilikuwa kusikiliza. Alirudi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akatia miguu kwenye karai la maji moto, akaandika huku akinisomea. Vilima vya Kajiado nimevijua kwa mdomo wake. Hata alipolazwa aliendelea kuandika kitandani, mimi nikimshikia simu mkono ukichoka. Njia ya mwisho aliyoandika akiwa pale ndiyo imeleta maneno.

Aliandika kwamba kwa njia hiyo usibebe maji mengi, maana hakuna kitu kizito begini kama maji. Katikati kuna kijito kisichokauka, utajaza chupa hapo. Wakati wake ilikuwa kweli. Msimu uliopita mvua ilikataa, kijito kikakauka. Msichana mmoja wa Embulbul akafuata maandishi yale na chupa moja ndogo, akafika akakuta mchanga. Alizimia pale. Wafugaji waliokuwa wakitafuta malisho ndio waliomkuta, wakampa maziwa, wakamshusha kwa zamu mgongoni. Alipona, namshukuru Mungu.

Lakini comments, ndugu zangu! "Huyu mwandishi anataka kutuua." "Ajitokeze aombe msamaha." Wengi hawakujua kwamba wanamtukana marehemu. Nilizisoma nikiwa karakana, nikazima mashine, nikalia mbele ya wateja bila aibu.

Jumapili moja Mueni alikuja nyumbani baada ya kanisa. Chai aliiacha ikapoa. Akaniambia, "Shemeji, tunataka kuboresha hii jarida. Kila njia, mwenye aliandika anairudia kila msimu na kuirekebisha. Kama hawezi, tunaitoa."

"Si muweke tu onyo juu?"

"Tuliweka. Watu wanaruka onyo, wanasoma tu penye maji iko."

Nikamuuliza za mke wangu itakuwaje. Akainamisha kichwa. "Zake zote zinatoka, shemeji. Wengine watazitembea upya, waandike kwa jina lao. Na usinione mbaya, hiyo sheria si yangu. Ni yeye aliitunga kabla augue, tukakosa kuifuata. Alisema njia haijatembelewa ni uwongo."

Ni kweli. Siku aliyosema hayo nilikuwa nimeketi kando yake.

Sasa password ya ukurasa wake wenye njia hizo niko nayo mimi peke yangu, na Mueni hataki kulazimisha. Najua mtasema nizinakili nikae nazo. Nimeshanakili. Lakini kwenye simu yangu hakuna anayemjibu. Kule mtandaoni bado mtu anatoka vilimani na kuandika, "Asante dada, njia yako ilikuwa tamu." Anamshukuru kama mtu aliye hai, na mimi siku hiyo nakula vizuri.

Mama mkwe analima vitunguu kule Kimana, na mke wangu amezikwa shambani kwake. Habari zilipomfikia alinipigia simu. "Mwanangu, kaburi niko nalo hapa, lakini hapa haongei. Huko kwa simu ndio anaongea. Usimnyamazishe." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Wiki iliyopita yule msichana wa Embulbul alipata namba yangu. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake akaanza kulia. "Uncle, pole sana, sikujua alishatuacha. Mimi simlaumu. Vile anaandika ni kama mnatembea na yeye. Hata nilipoona mchanga sikurudi. Nilikaa hapo nikichimba na mikono, nikijua huyu hawezi nidanganya."

Tangu simu hiyo sijatulia. Nilikuwa najivunia kwamba watu wanamwamini mke wangu, na sasa imani yao ndiyo inayonitisha. Kiangazi kimeanza tena huku kwetu, na mtu mwingine yuko mahali anapanga begi akisoma maneno yake. Kila siku nafungua ukurasa ule nikiwa nimeamua, kidole kinafika kwenye kitufe cha kufuta, kisha nasoma sentensi yake moja, namsikia, nafunga simu.

Mliowahi kufiwa, naomba mnishauri bila matusi. Nimwambie nini mama yake? Na huyu mke ambaye nilimzika mara moja kwa msaada wa watu wengi, nitawezaje kumzika tena nikiwa peke yangu, kwa kidole changu mwenyewe?