Kihispania cha Ng'ambo ya Michongoma

Kahawa ikikaangwa hadi karibu kuungua, ikachujwa kwa kitambaa na kutiwa sukari bila huruma, hutoa harufu ambayo mimi siwezi kuivumilia. Si kwamba ni mbaya. Inanitia simanzi. Nikiinusa tu ninakuwa na miaka kumi, niko Iringa kwa Bibi mzaa baba, nimesimama kwenye ua wa michongoma, na upande wa pili Daktari Elena anaimba huku akichuja kahawa yake. Bibi alisadiki kwamba kile kitambaa ni soksi, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati watu wote tulikuwa tunaitana ndugu. Walikuja madaktari kutoka Kuba, na mmoja wao, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi, akapewa nyumba jirani na yetu. Kiswahili hakujua. Kiingereza chake kilichechemea, changu cha darasa la nne kilitambaa, lakini vilikutana njiani. Bibi alinituma nimpelekee mayai, maana mgeni hawezi kukaa jirani bila kupelekewa chochote. Nikarudi na maneno mawili, huevo, yaani yai, na gracias, asante. Kesho yake nikatafuta sababu ya kwenda tena.

Alikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Waingereza wanaokwenda kutalii Uhispania. Kwa hiyo mimi, mtoto ambaye sikuwahi kuona maji makubwa kuliko Mto Ruaha Mdogo, nilijua kuuliza ufuko wa bahari uko wapi, na kumwagiza mhudumu wa hoteli divai nyekundu. Nilirudia maneno hayo nikichota maji, nikifagia uwanja, nikifukuza kuku.

"Huyu mtoto atausahau ulimi wake," Bibi alilalamika, lakini mayai hakuacha kuyatuma.

Sasa niwaambie jambo ambalo nyumbani kwetu halikusemwa. Mama hakuwapo. Yeye na Baba walikuwa wameachana, naye akarudi kwao Mbalizi, kule Mbeya. Mimi nikabaki, kwa kuwa kwetu mtoto ni wa upande wa baba, na baba mwenyewe alikuwa dereva wa lori, kumwona ni bahati. Bibi aliweka sheria moja: "Aliyeondoka hatajwi jikoni kwangu." Basi sikumtaja. Nilikuwa nikienda kutazama mabasi ya kutoka Mbeya yakipita kule chini Ipogolo, na niliyachukia yote, kwa sababu hakuna hata moja alimoshuka yeye.

Alasiri moja Daktari alinionyesha picha ya mvulana mwenye meno yaliyopishana. "Mi hijo está lejos," akasema, akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya milima. Mwanangu yuko mbali. Nilikaa kidogo nikiitafuna sentensi ile. Kisha nikaondoa neno moja nikaweka langu: "Mi mamá está lejos."

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya Kihispania niliyoitunga mwenyewe, na sikuwa nimewahi kuisema kwa lugha nyingine yoyote. Nililia kwa kwikwi. Naye akalia, akanikumbatia, tukawa tunarudia lejos, lejos, utadhani tuko kwenye mazoezi ya darasani. Nilipoinua kichwa nikamwona Bibi upande wa pili wa michongoma, ameshika ungo.

"Ulikuwa unamwambia nini daktari?" aliniuliza nyumbani.

"Nilikuwa nasoma, Bibi."

Alinitazama. "Basi kesho nenda mapema. Mboga nitachambua mwenyewe."

Muda wa Daktari ulipokwisha, gari likaja kumchukua, na mimi nikaachwa mara ya pili. Nilikaa jikoni jioni ile bila kutaka kula. Bibi alikuwa akisonga ugali.

"Nifundishe na mimi hicho Kihispania," akasema ghafla.

Nikamwambia buenos días, salamu ya asubuhi. Nikamwambia huevo. Akatikisa kichwa.

"Siyo hayo. Yale uliyokuwa unalia nayo."

Nikayasema polepole, nikiogopa sheria yake. Hakuuliza maana. Neno mama halihitaji mkalimani. Aliyarudia kwa lafudhi yake nzito ya Kihehe, kisha akauliza, "Na mkwe, wanamwitaje?"

"Sijui, Bibi. Kitabu hakikufika huko."

"Aa. Basi hicho kitabu kimeandikwa na mtu asiye na ndugu." Akaipua sufuria, akakaa muda mrefu ameishika bila kuitua.

Nilidhani ni udadisi wa wazee tu. Mama nilikuja kumwona baada ya darasa la saba, na kabla hajaniuliza habari za shule aliuliza kama Bibi anakula vizuri. Hata hapo sikuelewa. Nilielewa nilipomwoza mwanangu, nikampenda mke wake, siku moja nikawaza: hawa wakiachana, mimi nitamlilia wapi huyu binti? Mama ndiye aliyekuwa akimsuka Bibi nywele, akimsindikiza kanisani, akimchekesha mpaka anashika mbavu. Bibi hakulikataza jina lake kwa hasira. Alishindwa kulisikia. Mimi nilipata lugha ya kumlilia Mama, Bibi akaja kuniomba nafasi humo, nikamwambia haipo.

Ipo. Mkwe wa kike ni nuera. Nililipata neno hilo uzeeni, Bibi ameshazikwa siku nyingi. Nikasimama jikoni kwangu, peke yangu, nikamsemea: mi nuera está lejos.