Babu Aliyebeba Mizigo ya Mzungu

Baba yangu, Léonidas, alizikwa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, wakati wa Kwaresima. Alikuwa mkulima wa maharage, mtu wa misa kila Jumapili, na alikufa akiwa bado na matanga ya babu yake.

Kwetu Burundi matanga huondolewa kwa sherehe inayoitwa kuganduka. Lakini babu huyo alichukuliwa kubeba mizigo ya mzungu mvumbuzi, hakurudi, na hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa. Familia haikuganduka kamwe. Baba alizaliwa mfiwa. Hata kwenye harusi yangu hakucheza.

Mwaka mmoja kabla hajafa, jirani yetu Capitoline alimwambia kwamba mjini Mbarara kuna nyumba ya mzungu yule, imefanywa makumbusho, na picha za wapagazi zimo. Baba alivaa koti lake la kanisani. Nikamsindikiza; njiani tulipita Kaberebere, yeye akisali rozari kimya.

Ndani tulikuta kitanda kimetandikwa, buti zimepangwa, miwani juu ya meza. Baba alivua viatu, akaketi sakafuni.

"Mzee, simama," alisema Ngabo, mwongoza wageni. "Hapa hapana kukaa."

"Niwape pole kwanza."

"Nani?"

"Wenye nyumba. Nguo za marehemu hazijagawiwa. Hawa nao hawajaganduka."

Ngabo alicheka. "Mzee, huyu alikufa zamani sana, kwao Ulaya. Kaburi lake lipo."

"Basi ana bahati," Baba alisema, akainuka kwa kunishika bega.

Picha ilikuwa ukutani: wanaume kwenye mstari, mizigo kichwani. Chini yake jina moja tu, la mzungu. Baba alipitisha kidole juu ya kioo, mtu baada ya mtu.

"Papa, unamwona?" nilimuuliza.

Kidole kilisimama. "Nitamjuaje, Doriane? Sikuwahi kumwona."

Nadhani hakuwa amelifikiria hilo mpaka pale. Akamuuliza Ngabo wapagazi walifia wapi.

"Haijaandikwa, mzee."

Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Nikifa, msiniondolee matanga kabla yake. Haiwezekani mjukuu atangulie."

Sasa mwaka umetimia. Baudouin, mdogo wake Baba, amewaita ndugu waje tuganduke, hadi wa kambi ya Oruchinga, na pombe ya mtama imeiva. Anasema wafu wa zamani tumwachie Mungu. Nimejaribu kumwachia. Nasali asubuhi na jioni, na Mungu hajanionyesha mahali babu yule alipoanguka.

Jana niliwaambia ndugu wasije. Baudouin aliondoka bila kuniaga. Watoto wangu wananiuliza tutacheka lini tena humu ndani.